Foleni Nyuma ya Birika

Kitendawili changu cha leo msikijibu haraka: watu wamenichagua, mimi nilidhani wana kiu. Mkishindwa mtanipa mji, lakini kwanza sikilizeni habari za Yosefina wa Katindiuka, aliyeshindwa kabla yenu.

Ilikuwa Jumamosi, mpunga umeshavunwa, kila ua umetandazwa turubai na kila mtu ana kifimbo cha kufukuzia kuku. Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilikutana kusali nyumbani kwa mzee Ponsiano, mwenyekiti wao. Baada ya sala ilibaki kazi moja, kuchagua mtu wa wagonjwa. Restuta, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, alikuwa amehamia Mkula kwa binti yake. Mtu wa wagonjwa ndiye anayewatembelea waliolala ndani, anayewafulia, anayewapikia uji, na mambo yakiwa mazito ndiye anayekimbia kumwita padre.

Ponsiano hakutaka kura za karatasi. Uchaguzi uliopita karatasi zilitoka nyingi kuliko watu, na mpaka leo haijulikani nani alikunja mbili.

"Safari hii mtu anasimama mbele," alisema, "na anayemtaka anapanga mstari nyuma yake. Tuonane kwa macho."

Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Brigitha, na mwenyewe alisimama kabla halijaisha kutajwa, kitenge kipya kimemkaa vizuri. Kisha Martin, fundi baiskeli, akapaza sauti: "Na Mama Nickolaus!"

Mama Nickolaus ndiye Yosefina. Nickolaus ni mwanawe, yuko Kidatu kwenye miwa. Mama mtu ni mjane wa miaka sitini na kidogo, mpole, mwenye kuchekacheka, na saa hiyo hakusikia kitu. Alikuwa jikoni kwa mke wa Ponsiano, anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka na chai haitaki kuchemka.

Ilipochemka akatoka, mkono mmoja birika kubwa, mwingine beseni la vikombe. Akasimama katikati ya uwanja akiitafuta meza, maana walikuwa wameihamisha. Nyuma yake akasikia ndala zinaburuzwa. Alipogeuka akaona watu wamepanga foleni nzuri, Martin mbele, wengine nyuma, wote kimya kwa adabu. Akafurahi sana. Siku zote ikifika chai, watu wa Monika husukumana kama mbuzi wa mnadani. Akaweka beseni chini, akachukua kikombe, akammiminia Martin.

Uwanja wote ukalipuka kwa vicheko na makofi.

"Mnamwona?" Martin alipiga kelele, kikombe mkononi. "Hajasimikwa, tayari anahudumia!"

"Kumi na saba," Ponsiano alihesabu kwa kidole. "Kwa Brigitha, sita. Hongera, Mama Nickolaus. Jumapili ya wiki ijayo utasimama mbele ya altare."

"Nikafanye nini?" Yosefina aliuliza.

Wakacheka tena, wakidhani anatania. Ilibidi mke wa Ponsiano amvute pembeni amweleze, na birika bado linafuka mkononi.

Sasa, mtu mwingine angecheka na kusahau. Yosefina alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, akasahau hata kuanua mpunga. Kulikuwa na jambo ambalo watu kumi na saba hawakulijua.

Mumewe, Faustino, alilala kitandani miaka miwili kabla ya kufa. Yosefina alimgeuza, alimwosha, alimlisha kwa kijiko, na jirani wote walimsifu. Lakini asubuhi ile aliyokata roho, kitu cha kwanza kilichomjia mkewe, kabla hata ya machozi, kilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyetua ndoo kichwani. Pumzi ile ilimtisha. Hakuwahi kumwambia mtu, hata kwenye kitubio alizunguka pembeni. Tangu hapo hakushika tena mwili wa mgonjwa. Wenzake wakienda kutazama wagonjwa, yeye huishia mlangoni, anasema pole, anaweka sukari chini, anaondoka.

Huyo ndiye aliyechaguliwa.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Ponsiano.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mtu wa wagonjwa!"

"Ndilo lililonileta. Ile foleni, mimi nilidhani ya chai."

Ponsiano alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kikamwisha, akakuna kidevu. "Na mimi nawaza, wako waliokuwa kwenye foleni nao walidhani ya chai. Kama Osward. Yule akiona mstari wowote anaingia, atauliza baadaye."

"Basi futa jina langu."

"Nimeandika kwa wino, mama."

"Kata mstari juu yake."

"Nikate mstari juu ya watu kumi na saba? Na wewe unajuaje kama Mungu hawezi kumwita mtu kwa birika?"

"Na wewe unajuaje kama ndivyo alivyoniita?"

Ponsiano akamwelekeza kwa katekista Salvatory, kama mtu anavyompa mwenzake kiazi cha moto.

Salvatory alikuwa parokiani anapanga vitabu vya nyimbo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akafungua daftari akamsomea. "Padre atakuuliza: Je, uko tayari kuwahudumia wenzako kwa hiari, bila kulazimishwa na mtu? Na wewe utajibu: Ndiyo, niko tayari. Ni hayo tu."

"Na kama hiari haipo?"

"Haipo, imekwenda wapi?"

"Sijui, katekista. Naitafuta toka juzi."

Salvatory akafunga daftari. "Sikiliza, mama. Kukataa ni ruhusa. Utasema hapana, tutamwita Brigitha, na hakuna atakayekununia. Lakini ndiyo ya uongo mbele ya altare, hiyo usiniletee. Una siku sita. Chunguza."

Yosefina alitoka pale na kichwa kizito kuliko alichoingia nacho. Akisema ndiyo, na moyoni hamna kitu, amedanganya mahali pabaya pa kudanganyia. Akisema hapana, na kumbe ni kweli aliitwa, amemfungia Mungu mlango kwa sababu ya kuogopa harufu ya vyumba vya wagonjwa. Laiti angepewa ishara, hata ndogo. Ila kila akitazama, anaona mpunga na kuku.

Jumanne alimfuata Brigitha. Alimkuta uani anapepeta, ungo unaruka na kushuka.

"Karibu, Mama Chai," Brigitha alisema bila kuinua macho.

"Nimekuja kukupa kazi yako."

"Kazi yangu ipi? Mimi nilipata sita, na mmoja wao ni shemeji yangu."

"Lakini wewe unaitaka."

"Naitaka, ndiyo." Ungo ukasimama. "Nimeitaka toka Restuta ana meno yote. Nimesali novena mbili. Watoto wangu wako Dar, hapa nyumbani nampikia paka. Nikasimama pale mbele nikasema leo Mungu ataniona. Watu wakanipita kama wanapita kisiki, wakaenda kwa mwenye birika. Sasa niambie wewe, Mama Nickolaus. Asiyetaka anaitwa, anayetaka anaachwa juani. Hesabu gani hiyo?"

"Hata mimi nauliza."

"Basi usiniulize mimi, na mimi nauliza!" Akapepeta mara mbili kwa nguvu, makapi yakamrukia Yosefina usoni. "Halafu usije kunigawia uani kwangu kama unagawa matembele. Ukikataa mbele ya watu wote, nitasimama. Kwa mlango wa nyuma siingii."

Yosefina alijipangusa makapi akaaga. Njiani akagundua kwamba amemwonea Brigitha huruma na wivu kwa wakati mmoja. Yule hiari anayo ya kumwaga, ila hakuna aliyeipokea hiari yake. Haya mambo yamegawanywaje?

Jumatano mchana Joshua wa bodaboda alipita mbele ya nyumba, akapunguza mwendo. "Mama, shikamoo! Mzee Theodori anakuita. Amesikia wewe ndiye wa wagonjwa."

"Mwambie bado sijawa!"

Joshua alishapotea, limebaki vumbi.

Basi Yosefina akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kumwambia mzee kwamba bado hajawa. Theodori alikuwa mvuvi enzi zake, mtu wa mto hasa, na sasa upande mmoja wa mwili ulikuwa umelegea. Aliishi peke yake ng'ambo ya mtaro, mwisho kabisa wa Katindiuka. Jirani humletea chakula, akila asipokula shauri yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," Yosefina alisema, amesimama mlangoni kama kawaida yake.

"Milele na milele, amina."

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukwambia kwamba mimi bado..."

"Una wembe?"

"Wembe wa nini?"

Mzee akavuta shuka, akatoa mguu. Kucha za vidole zilikuwa zimekua zikajikunja, nene, za njano, mbili zimeingia kwenye nyama.

"Wanakuja na rozari, nashukuru," alisema. "Wanakuja na uji, nashukuru. Wananisalia kuanzia kichwani, wakifika magotini wanaaga. Miguu hakuna anayeitazama. Nikivuta shuka zinanasa kama ndoana."

Yosefina alibaki mlangoni. Harufu ile aliyoijua ilikuja moja kwa moja mpaka alipo. Akataka kusema nitamtuma mtu. Akajaribu kumfikiria huyo mtu ni nani, hakumpata. Ndipo akaingia, tena kwa hasira, hasira ya mtu aliyekamatwa. Akabandika maji jikoni kwa mzee, akayachanganya, akauloweka mguu kwenye beseni, akamtuma mtoto wa jirani dukani kununua wembe. Akakaa chini, akaupakata mguu wa Theodori kwenye kanga yake.

"Kitendawili," mzee alisema, labda kwa aibu.

"Tega."

"Nina watoto ishirini, wakirefuka nawakata vichwa, hawalii."

"Kucha, za mikono na za miguu. Hicho hata wa chekechea anakijibu. Na usitikisike."

"Tega wewe basi, mjuaji."

Yosefina alikata ukucha mmoja wote kabla ya kusema. "Nimeitwa, sauti sijaisikia. Nataka kuitika, simjui aliyeniita."

Mzee alifikiri. Alifikiri sana, mpaka akafumba jicho lake lile zima. "Simu," alisema.

"Siyo simu."

"Mtu kalewa."

"Mzee!"

"Haya, nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Kiberege."

"Kiberege nimekwenda, nimekula, nimerudi. Jibu sina. Mwenyewe sijui."

"Hee! Umechukua mji wa watu bure!" Theodori akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Wewe mtu wa wagonjwa ni tapeli."

Alipomaliza mguu wa kwanza wembe ulikuwa umekufa, maji yamepoa, na mzee amesinzia. Yosefina akamfunika, akaondoka.

Nyumbani alikaa kusubiri. Aliwahi kusikia kanisani kwamba ukiitikia wito, moyo unajaa amani. Wake haukujaa kitu. Mikono ilinuka sabuni ya kipande na mguu wa mzee. Alingoja pia ile pumzi ya ndoo, ile iliyomtisha, aone kama itarudi imsute. Haikuja. Kilichokuja ni Faustino mwenyewe, si yule wa kitandani, ni yule wa zamani, amekaa kwenye ngazi ya dungu la kulindia shamba anang'oa mwiba kwenye kisigino huku anauimbia. Miaka minne hakuwahi kumwona hivyo. Kila akimkumbuka, humkumbuka amelala. Sasa hiyo nayo ni ishara? Au ni kwa sababu ameshika mguu, akakumbuka mguu? Akachanganyikiwa zaidi, akaenda kuanua mpunga.

Alhamisi alisali. Hakujibiwa, au alijibiwa hakuelewa.

Ijumaa, jua halijawa kali, Yosefina alijikuta kwenye mtaro. Nasema alijikuta, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alitoka nyumbani, akapitia dukani, akanunua wembe mpya, akashika njia, na mawazo yote yako kwenye Jumapili, atasema nini, atasimamaje. Alipofika kwenye gogo la kuvukia ndipo akashtuka. Leo Joshua hakupita. Mzee hakuita. Nani kanituma?

Akasimama juu ya gogo na wembe mkononi.

Osward alikuwa anakuja upande wa pili na baiskeli, kapu la kambale limefungwa nyuma. "Shikamoo, mama. Umepotea?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu."

"Kwa Theodori ni kule."

"Kwa Theodori napajua! Ninachouliza ni kwa nini nakwenda."

Osward akamtazama, akautazama wembe, akaona bora asiulize, akasukuma baiskeli yake akapita.

Yosefina aliamua kujipima. Akarudi nyuma hatua tatu, kuelekea nyumbani, aone moyo utasemaje. Moyo haukusema neno. Ila picha ilimjia ya mzee yule, mguu mmoja safi kama wa bwana harusi, mwingine una ndoana, na mtu hawezi kuachwa hivyo. Sasa, je, hiyo ndiyo hiari? Au ni ile tabia yake tu ya kutopenda kazi iliyoachwa katikati, hata jamvi la mtu baki akiliona halijamaliziwa ukingo mkono unamwasha? Alizigeuza hizo mbili, akazinusa, hakuona zinapoachana. Mwishowe akaona jua linapanda bure. Akavuka.

Mguu wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Jumapili kanisa lilijaa. Padre Venance aliita jumuiya moja baada ya nyingine, viongozi wapya wanapanda, wanaulizwa, wanajibu. Ndiyo, niko tayari. Ndiyo, niko tayari. Kila aliyejibu, Yosefina alimtazama usoni aone kama naye anatafuta kitu. Wote walionekana wanajua.

"Mtakatifu Monika."

Akapanda. Kwenye benchi la tatu Brigitha alikuwa ameketi ukingoni kabisa, mkono kwenye benchi la mbele, tayari kuinuka.

"Yosefina," padre alisema, "je, uko tayari kuwahudumia wenzako kwa hiari, bila kulazimishwa na mtu?"

Akafungua mdomo. Lile neno ndiyo halikuwepo. Akaangalia kama hapana ipo. Nayo haikuwepo.

"Padre," alisema, "sijui."

Salvatory akainamisha uso ndani ya daftari lake.

"Hujui nini, mama?" Padre aliuliza kwa upole.

"Kama nimeitwa. Watu walipanga foleni, mimi nilidhani ya chai. Nimejichunguza wiki nzima kama nilivyoambiwa, nimetafuta hiari, sijaiona. Nina woga, huo nimeuona. Na jambo moja la zamani, hilo nitakuja kukwambia kwenye kitubio. Kwa wagonjwa nitakwenda. Nimekwenda wiki hii. Lakini kusema kwamba naelewa kwa nini nakwenda, hapo nitakuwa nimekudanganya."

"Kuna aliyekulazimisha?"

Yosefina alifikiri kwa uaminifu wote. "Hapana. Hata nilipotazama nyuma hapakuwa na mtu."

Padre Venance alimtazama Salvatory. Salvatory akatazama daftari. Kwenye daftari hapakuwa na jibu la namna hiyo. Mwishowe padre akamwekea mkono kichwani, akakaa nao hapo muda mrefu kuliko kwa wengine, akasema taratibu, "Mungu akusaidie," kisha akaita jumuiya iliyofuata.

Yosefina akashuka bila kujua kama amekubaliwa au ameonewa huruma.

Misa ilipoisha Brigitha alikuwa wa kwanza kumfikia nje. "Ile ilikuwa ndiyo au hapana? Nimebaki nusu nimesimama nusu nimekaa, kiuno kinaniuma! Mimi nafanyaje?"

"Nadhani hata padre hajajua."

"Ungesema neno moja tu, mwenzangu! Neno moja! Watu wote wamesema!"

Kabla Yosefina hajajibu, mwanamke kijana alipenya katikati ya watu, mtoto mgongoni, pumzi juu juu. Alikuwa Sikitu, mpangaji wa pale karibu na mashine ya kukoboa, aliyehamia juzi juzi na mama yake. Hakuwemo misani, alikuja mbio na kanga ya nyumbani.

"Shikamooni. Nimeambiwa niulize mtu wa wagonjwa wa Monika. Mama yangu hainuki toka jana, amejichafulia, na mimi peke yangu siwezi kumgeuza. Ni wewe, mama?"

"Ndiyo," Yosefina alisema.

Lilimtoka tu, fupi, jepesi, kama mtu anavyoitika akiitwa jina lake sokoni. Akalisikia likiwa limeshatoka, na akabaki ameduwaa nalo. Wiki nzima alilitafuta, dakika chache zilizopita alilikosa mbele ya altare na watu wote wakimsubiri. Brigitha naye alilisikia.

Sikitu alishaanza kuondoka, anatazama nyuma kama wanamfuata. Yosefina akapandisha kanga kifuani, akaikaza, akafuata hatua mbili, akasimama. Akamgeukia Brigitha.

"Kumgeuza mtu mzima ni kazi ya watu wawili."

"Kwani mimi nimeitwa?" Brigitha alisema.

"Sijui. Hata mimi sijui. Unakuja?"

Brigitha alikitazama kitenge chake kipya, akasonya kwa hasira, akaivua ndala moja iliyokuwa na kokoto, akaikung'uta, akaivaa. Halafu akawapita wote wawili akaongoza njia kana kwamba ndiye anayepajua.

"Mwanangu," Yosefina alimwita Sikitu, akijitahidi kwenda sambamba nao, "nyumbani kwenu maji yapo, au tupitie kuchota?"